Kijani Kilichotoka Lamboni kwa Mama

Udongo wa kwetu, nyuma ya Kinango, ukichimbwa wakati wa kiangazi hunuka chuma, kama jembe lililotoka kunolewa. Harufu hiyo ikinipata hata leo, huziba pua nikapita haraka. Nilikuwa na miaka kumi, uhuru wenyewe ulikuwa bado mbichi, na mama alikuwa akichimba lambo la kunyweshea mbuzi wetu kabla mvua za masika hazijafika. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, na shamba lile ndilo pekee alilotuachia. Mama alichimba, mimi nikabeba udongo kwa karai kichwani mpaka shingo ikaniuma. Siku ya nne sururu yake iligonga kitu. Akainama, akakitemea mate, akakifuta kwa leso. Kilikuwa kijiwe kisichozidi punje mbili za mahindi, kijani kama majani ya kunde yaliyochipua jana. Tulipokezana kijiwe hicho hadi jua likatua, na mama akacheka, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu matanga.

Sasa wapo watu, nawasikia huko Diani kwenye maduka ya mahotelini, wanaosema kwamba jiwe ni rangi tu, kwamba lilikotoka ni hadithi za kuwapumbaza wanunuzi. Waongo wakubwa! Wangemjua baba mdogo Chirima wangefunga midomo yao. Huyu alikuwa mdogo wake baba, mtu wa kwanza wa ukoo wetu kuvaa soksi, na aliwahi kuwapikia wazungu waliokuwa wakizunguka maporini wakigongagonga mawe. Mama alimpelekea habari kwa sababu mjane wa kwetu hana siri na shemeji yake. Akaja, akaipokea shikamoo yangu bila kunitazama, akaliinua jiwe juani na kubetua mdomo. "Rangi hafifu hii, shemeji. Chupa ya soda ina kijani kizuri zaidi." Akalirudisha mkononi mwa mama na hakulitazama tena. Alichotaka kujua ni lilipotoka tu. Upande gani wa lambo? Kina cha magoti au cha kiuno? Karibu na mti gani?

Hapo ndipo mama alipokosea, na kosa lenyewe ni la kikwetu kabisa. Sisi Waduruma, kitu cha porini hatukipokei bila kuuliza kimetoka wapi. Asali ikiletwa, swali la kwanza ni mzinga ulitundikwa mti gani, kwa sababu ukishautaja mti umeshamtaja mwenye mzinga, na hakuna atakayethubutu kuugusa. Kwa hiyo mama hakudhani kwamba anatoboa siri. Aliamini anaweka muhuri. Alimwongoza shemeji yake hadi shimoni, akamwambia, "Ni hapa, hatua ishirini kutoka zizini, chini ya mkwaju alioupanda marehemu." Alisema kwa fahari, neno baada ya neno, ili baadaye pasiwe na ubishi. Baba mdogo akaitikia kwa adabu zote. "Nimesikia, shemeji. Mungu akuzidishie." Mnafiki mkubwa yule!

Kabla mahindi hayajatoa mbelewele, wanaume sita walifika na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Karatasi ya ofisini, ya kumruhusu mtu kuchimba madini, ilikuwa na jina la Chirima, na mahali palielezwa kwa maneno ya mama mwenyewe: lambo, mkwaju, hatua ishirini kutoka zizini. Mama alipiga mayowe, akawaambia watu wote kwamba yeye ndiye aliyemwonyesha. Baba mdogo alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. "Sasa tuna serikali yetu, shemeji," akasema. "Mambo ni maandishi." Wazee wa ukoo walikaa, wakanywa uji wetu, wakasema jambo hilo wataliangalia. Waliliangalia mpaka wakafa. Mbuzi tukawauza, tukahamia Kombani kwenye chumba cha kupanga, na mama akawa anakaanga viazi vya karai kando ya barabara. Huko ndiko alikofia, tukamzika kwenye kiwanja cha watu baada ya kuombaomba. Sijamsamehe Chirima, wala sina haja ya kumsamehe. Wanaonihimiza nisamehe wana makaburi ya mama zao nyuma ya nyumba.

Mwaka jana wanawe wawili walinifuata, watu wazima wenye maduka ya simu pale Kona ya Musa. Baba yao alikuwa ameshakufa. Walikuja na maandazi ya moto na tabasamu, wakasema mawe yamekwisha na shamba wanataka kunirudishia, undugu ukae sawa. Walinionyesha picha ya jiwe moja lililouzwa zamani. Kilikuwa kijani kile kile, na machozi yakanitoka mbele yao, nikajichukia kwa hilo. "Rangi hii, dada, haina mfano," mkubwa akasema. Tukaenda pamoja shambani. Palipokuwa na mahindi sasa pana shimo la kumeza nyumba tatu, kuta zake zinamomonyoka, na chini kabisa kulikuwa na mzoga wa mbuzi wa jirani. Zamani zile tulinyang'anywa kwa karatasi moja na maneno matamu. Siku hizi tunarudishiwa kwa karatasi nyingine na maneno matamu yale yale, na juu yake tunatakiwa tuseme ahsante. Yule mdogo akanipa kalamu, akanionyesha pa kutia sahihi kwamba nimelipokea shamba kama lilivyo.

"Jiwe mlilipenda kwa rangi yake," nikawaambia. "Hili shimo ndiko lilikotoka. Lijazeni kwanza, ndipo mniletee kalamu."

Wakacheka, wakidhani natania. Nikaketi ukingoni, nikawangoja waanze.