Kusoma Kitambaa kwa Gumba

Mama alikuwa na mazoea ya kusoma kitambaa kwa kidole gumba. Nikimpa nilichofuma, alifunga macho, akapitisha gumba polepole juu ya mistari, kisha gumba likasimama mahali fulani. "Hapa ulikuwa unafikiria kitu ingine," alisema. Akavuta uzi, na kazi yangu ya asubuhi nzima ikafumuka mapajani mwake. Kilichoniudhi ni kwamba hakukosea hata siku moja.

Vilikuwa vitambaa vya makochi, vile vyeupe ambavyo nyumba yetu kule nje ya Karen haikuwahi kuvikosa. Sikuwa na hamu navyo. Ninaishi ghorofani Kileleshwa, nafanya kazi ya ofisi mjini, na niliona hayo ni mambo ya kina mama wa kanisa. Lakini figo za mama zilipochoka, ikabidi nimpeleke hospitali Parklands kila Jumanne na Ijumaa kusafishwa damu, na pale kwenye viti vya kusubiria akanitia mkononi sindano ya kufumia, ile yenye kulabu. Alisema simu itanimaliza macho.

Nilikuwa mwanafunzi mbovu, na sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Nilifuma huku nikiwaza bosi, barua pepe, majibu ya vipimo vya mama. Nilipowaza, mkono ulikaza, na mafundo yakawa magumu kama punje za mchele. Yeye alifuma akiimba wimbo wa kanisa puani, na uso wa mtu anayekula kitu kitamu. Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya chumvi, ndizi, hata maji ya kutosha. Uzi ndio raha iliyombakia. Mimi nilitaka tu kitambaa kiishe.

"Mbona unafuma kama mtu ameshikwa?" aliniuliza. "Kama huskii utamu, mkono haiwezi shika."

Utamu ulikuja Jumanne moja ya mvua. Sijui ulitoka wapi. Nilianza mstari mpya na vidole vikajua njia vyenyewe. Sikuhesabu mafundo. Sikusikia majina yakiitwa wala televisheni ya ukutani. Nilifurahi, nakiri, furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu aanze kuugua. Niliposhtuka, muuguzi alikuwa ameinama mbele yetu, amemshika mama mabega. Mama alikuwa ameegemea ukuta, akihema kwa shida, sindano yake imeanguka sakafuni. Mwanamke wa kiti cha mbele akaniambia kwamba mgonjwa wangu alikuwa amenigusa mkono mara mbili.

Daktari alinieleza kwa upole kwamba dakika zile zisingebadilisha kitu. Moyo ulikuwa umechoka tayari. Sikumwamini, na bado simwamini.

Kesho yake, wodini, mama aliomba kitambaa. Nilitaka kusema nimekisahau nyumbani, ila aliuona uzi ukining'inia kwenye mkoba. Akafunga macho. Mistari ya chini, ile aliyonirudisha kuifuma upya mara nne, gumba liliipita bila kusimama. Alipofika ule wa Jumanne alipunguza mwendo, akaenda hadi mwisho, akarudi mwanzo. Nilimwomba Mungu mama apate kosa.

"Hapa ulikuwa hapa," akasema, akatabasamu. "Sasa umeshika."

Nilimwambia asante. Alifariki Ijumaa asubuhi, saa ambayo tungekuwa kwenye vile viti.

Kitambaa kiko kwenye kochi langu, hakijaisha. Wageni wakikishika husifu mstari mmoja tu, nami huwaacha wausifu. Mara kadhaa nimeketi niufumue. Nashika ncha ya uzi, lakini kabla ya kuvuta nafunga macho na kupitisha gumba, nikitafuta fundo moja tu lililobana, mahali ambapo mkono wangu ulimsikia akinigusa. Hakuna.