Ndagala Juu ya Plake

Harufu ya ndagala wanaokaukia juani hunirudisha mtaani kwetu Buyenzi, kwenye bati la jiko letu, na mpaka leo hunitoa jasho la aibu. Ndagala ni hawa samaki wetu wadogo wa ziwa Tanganyika, wengine mnawaita dagaa. Ngojeni niwaambie nilichofanya, mnicheke mkipenda.

Vita ilikuwa imetukatia umeme siku nyingi. Baba, fundi wa magari, akapata plake, kile kioo cheusi cha kunasa jua. Akailaza juu ya bati la jiko, lililokuwa chini kiasi cha mimi kulifikia, akaiunga na batri kuukuu ya gari. "Jua linatengeneza umeme, batri inautunza," alitueleza.

Umeme huo ulikuwa na kazi moja tu, radio ya Jumamosi asubuhi, iliyosoma majina ya watoto waliopotea na kupatikana. Shangazi Mwajuma alipotezana na Saidi wake, wa miaka saba, siku walipokimbia risasi kule Kamenge. Tangu hapo alikaa kwetu, na kila Jumamosi alitawadha, akavaa mtandio safi, akakaa karibu na radio kabla ya watu wote.

Wiki ile Mama alinipa ndagala niwaanike. Chini kulikuwa na vumbi, na paka wa jirani hawana haya. Nikagusa plake: laini, safi, ya moto kweli! Nikawapanga pale siku tatu. Wakakauka vizuri ajabu, Mama akanisifu. Mimi nilidhani plake inakula joto, na joto lilikuwepo tele.

Jumamosi tukaizunguka radio. Majina yakapita, kisha: "Saidi, miaka saba, mama yake ni Mwajuma wa Kamenge. Yuko mzima, anatunzwa huko..."

Kimya. Radio ikazima.

Baba akageuza nyaya, akaipiga radio kofi, kisha akatoka mbio kutazama bati. "Weee! Nani ameanika ndagala huku? Plake haitaki joto, inataka mwangaza! Mumeifunika macho!"

"Ni mimi," nikasema. Hakuna aliyenipiga, na hilo lilinitisha zaidi. Baba alidandia baiskeli kwenda kuuliza radioni. Alirudi adhuhuri na jibu: Saidi yuko Uvira, ng'ambo ya mpaka.

Lakini asubuhi ile hatukujua. Nililia mpaka kwikwi. Shangazi akaniinua, na wallahi, alikuwa anacheka! "Apana lia, mutoto wangu. Umesikia? Muzima! Saidi iko muzima!"

Nilishtuka kuliko nilivyowahi kushtushwa na bomu. Nilijua amerukwa na akili. Anachekea nini, na mahali alipo Saidi hatukupasikia?

Nilikuja kuelewa nilipozaa wangu. Mimi nililia kwa kuwa sikujua Saidi yuko wapi. Shangazi, miezi yote ile, alikuwa hajui kama yuko.