Tulitaka Wabakaji Wanyongwe, Mpaka Alipotajwa Kaka Yangu

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, nimeachika, nalima korosho na ufuta huku Nkowe, Ruangwa. Naandika kwa haraka, mnisamehe nikikosea.

Mwaka jana walikuja wageni kijijini kukusanya maoni kuhusu sheria ya wabakaji. Waliposema adhabu ni miaka thelathini, watu wakaguna, eti michache. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Nachingwea, alikuwepo. Akasimama, "Mtu wa namna hiyo ahasiwe kwanza, halafu anyongwe!" Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kila mmoja pale alikuwa na mbakaji wake kichwani, na wote tulimwona mtu wa kuja, asiyejulikana kwao.

Wiki iliyopita binti yangu wa miaka kumi na tatu, anayesoma Nachingwea kwa kaka huyohuyo, alirudi likizo. Akaniambia harudi tena kwa mjomba. Nilipombana akalia, akanieleza yote mjomba aliyomtendea. Nikapiga yowe. Majirani wakaja mbio, "Nani? Nani kafanya?" Kabla sijafungua mdomo, dada yangu mkubwa, ambaye alisikia kila kitu, akasema, "Ni huyo kibarua wa Msumbiji!" Ni mwanamume aliyekuja kutuokotea korosho, hana ndugu hapa. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Wakampiga, wakampeleka polisi.

Na mimi nilinyamaza. Sijitetei, nilinyamaza.

Kwetu Wamwera mtoto ni wa mjomba, yeye ndiye msemaji wake. Basi aliitwa nani kwenda kumsemea mwanangu polisi? Yeye! Kaja na bodaboda, kasimama kaunta analaani wabakaji, askari wakampa pole. Nilitaka ardhi ipasuke. Mtoto alinishika kanga, hakuiachia mpaka tunarudi nyumbani.

Jioni wazee wa ukoo, dada kishawaambia ukweli, wakaniweka kati. Walewale walioiona miaka thelathini michache! "Miaka thelathini, mwanangu? Utamzika kaka yako mzima? Mmetoka tumbo moja!" Nikauliza, na yule kibarua je? "Yule ana nani wa kumlilia?" Kumbe sheria tuliitaka kali kwa sababu hatukudhani itapiga hodi kwetu. Nikisema kweli, ukoo unanitenga, na shamba ninalolima ni la ukoo. Nikinyamaza, asiye na kosa anafungwa, na shule ikifunguliwa wanataka mwanangu arudi kulekule.

Kesho asubuhi mtoto anatakiwa kutoa maelezo polisi. Leo namsuka nywele akaniuliza, "Mama, nikaseme kweli, au nikaseme alivyosema mama mkubwa?"

Ndugu zangu, nishaurini kabla hakujakucha. Nimjibu nini?