Gego la Kogo

Nilipokuwa mtoto wa kukimbizana na ndama huko Bureti, miaka ile chai ilipokuwa inaumeza msitu, nyanya yangu, tuliyemwita Kogo, alikuwa na haraka ya kuzeeka. Wengine walinyamaza kuhusu mvi zao. Yeye alituita tuzione. Jino likimtoka alicheka hadi akakohoa, kisha akatuonyesha pengo kama mtu mwenye shuka mpya.

Alikuwa na sababu. Siku hizo maiti ilipelekwa kichakani, upande wa magharibi, fisi waichukue. Lakini kwetu iliaminika kwamba mzee aliyeishiwa meno yote amefika alikokuwa akienda. Huyo alizikwa nyumbani, kwenye samadi kando ya boma la ng'ombe, na kumlilia ilikuwa mwiko. Watu walicheka tu, wakasema amefika.

Kogo akabakiwa na gego moja. Likakataa kutoka.

"Ling'oe," alimwambia baba.

"Mama, wacha tu. Litaanguka lenyewe."

"Na mimi nikianguka kwanza?"

Baba akaenda zake kwa ng'ombe. Kumng'oa mzazi jino ilikuwa kama kumwombea kifo. Basi Kogo akalishughulikia mwenyewe, kwa ugwe wa ngozi na jiwe. Likavunjika. Alitoka nje na damu mdomoni, akatangaza kwamba amemaliza. Wiki haikuisha, shavu likavimba, homa ikampanda, akafa.

Baba mkubwa, kifungua mimba wa Kogo, ndiye aliyesimamia mambo ya mila. Alitia kidole kinywani mwa marehemu, akapapasa bila haraka.

"Shina bado liko."

"Mzee, huyu ni mama yako," mama yangu alisema.

"Najua. Jino ni jino. Mpelekeni."

Walimbeba jua likitua. Sisi watoto tukaambiwa tunaweza kulia, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba Kogo ameshindwa.

Nilimchukia baba mkubwa, na bado namchukia, ingawa amekufa zamani. Kogo sikumwona mjinga hata siku moja. Kosa lake ni kuwaachia wengine waamue kama ameshazeeka, na yeye uzee wake alikuwa anaufurahia mbele ya macho yetu kila asubuhi.

Majuzi binti yangu aliniletea rangi ya nywele. "Mama, paka kidogo, usionekane mzee." Nilimrudishia. Nikamwambia miaka hii nimeifanyia kazi, na sitaki mtu wa kuikagua.