Mtungi Mbele ya Ukuta

Bibi Stefania wa Kaengesa hana mchezo na kazi. Mmea unaotambaa ulipoifunika nyumba yake ya matofali ya kuchoma na kuanza kuinua bati, alipika pombe ya ulezi, akaita majirani, kisha akaketi mbele ya mtungi.

"Haonji mtu mpaka jani la mwisho lidondoke!"

Wakakata mashina, wakabandua mizizi taratibu. Ukuta ukatokea, umepinda kama mgongo wa ng'ombe mzee.

"Lazaro!" Bibi akamfokea fundi aliyeujenga. "Ndiyo kazi gani hii?"

"Siku ya kuujenga pombe ulitupatia asubuhi, shemeji. Kabla ya kazi."

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu, akamchotea kata ya kwanza.

"Basi kunywa. Leo hakuna cha kujenga."