Kompyuta ya Bernadeta na Kadi Isiyotengenezwa Tena

Bernadeta alikuwa mpiga chapa wa shirika la pamba hadi liliponunuliwa na watu wakapunguzwa. Akarudi kijijini kwake Buswelu kupanda mchicha, akiamini kuwa kwa umri wake hataajiriwa tena. Lakini mwaka 1998 kampuni moja ya minofu ya sangara, kando ya ziwa, ikamchukua achape lebo za maboksi kwa kompyuta. Boksi lisilo na lebo halikupanda ndege.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mtumba, imegeuka rangi kama meno ya mvuta sigara. Bernadeta aliitunza kama kitu cha sebuleni. Nyumbani kwake redio ilikuwa na kitambaa cha kufuma, makochi yalikuwa na vyao, hata birika lilikuwa na chake. Hii nayo akaifumia cheupe, akawa anaifunika kila anapoizima.

Asubuhi moja vijidudu vya ziwani vilipanda kutoka majini kama moshi, vikaingia dirishani vikifuata mwanga wa kioo cha kompyuta. Vilitambaa juu ya kibodi, vikamwingia puani. Bernadeta akalifunika boksi la kompyuta gubigubi kwa kile kitambaa, akaacha kioo tu, akaendelea kuchapa.

Kabla ya chai alisikia harufu ya plastiki inayoungua. Kioo kikawa cheusi.

Aliomba umeme ukatike apate wa kumsingizia, lakini umeme ule, uliozoea kukatika hata katikati ya misa, siku hiyo uligoma kukatika. Akakivuta kitambaa na kukificha kwenye mkoba. Meneja Shimba alikuwa mlangoni.

"Lebo ziko wapi, mama?"

"Kioo kimezimika, bosi."

"Dereva akupeleke kwa fundi sasa hivi. Lori la uwanja wa ndege linaondoka jioni. Na kama ni uzembe, nitajua."

Njiani Bernadeta aliipakata kompyuta kama mtoto mwenye homa. Fundi Abubakary, ambaye nyuma ya soko alitengeneza kompyuta na jioni kufundisha watu kuzitumia, alifungua boksi, akachungulia, akacheka.

"Dada, ulikuwa unaikaanga? Ona, vijidudu vimeiva. Na huu uzi mweupe umetoka wapi?"

Bernadeta aliubana mkoba kwapani. Abubakary akachomoa kadi ndefu yenye doa jeusi.

"Hii ndiyo inayopeleka picha kwenye kioo. Imekufa. Na zinazokuja siku hizi ni fupi, haziingii kwenye mlango huu. Itabidi ubadilishe kompyuta nzima."

"Kwa nini wasiendelee kutengeneza za zamani? Watu bado tunazo."

"Wanasema wakihangaika na za zamani, mpya zitachelewa. Kiwanda si nyumba ya wazee, dada."

"Na mzee akiwa bado analima?"

Abubakary aliacha kucheka. "Hapo umesema. Wangetuachia hata miaka michache. Sisi tunaanza kuzinunua ndipo wao wanaziacha." Akafungua kompyuta yake mwenyewe, akachomoa kadi kama ile. "Nyingine Mwanza nzima sijui iko wapi. Ukiiunguza na hii, usinirudie. Na bosi wako mwambie ukweli, maana hakuna ya tatu."

Mchana kioo kiliwaka ofisini. Shimba alisimama nyuma ya kiti.

"Ilikuwa nini?"

Angeweza kusema umeme.

"Niliifunika ikiwa inawaka, bosi. Niliogopa vijidudu. Ikaungua kwa joto. Fundi anasema ikifa tena, kadi yake haipo."

Shimba alikwenda dirishani, akalivuta na kulifunga.

"Mtu anafunga dirisha, mama, hafuniki kompyuta," alisema. "Basi, naagiza mpya Dar. Ukimaliza lebo, chapa tangazo. Natafuta mtu anayejua kompyuta za kisasa."

Bernadeta alikumbuka siku ile kwenye uwanja wa shirika la pamba, majina ya waliopunguzwa yaliposomwa.

"Bosi, usitangaze. Fundi anafundisha jioni. Nitajifunza."

"Ukishindwa?"

"Utatangaza."

Shimba alitazama saa. "Nakupa mpaka mashine mpya ifike."

Akaondoka. Bernadeta hakujua mzigo kutoka Dar huchukua muda gani, na hakuthubutu kumwita amuulize. Aliuweka mkono nyuma ya boksi kupima joto, akautoa, akauweka tena. Kisha akaanza kuchapa lebo.