Doa la Kiko

Tshilombo alikuwa na kiburi cha fundi, na kiburi hicho ndicho kilichomponza. Mwezi wa saba, katika ukavu wa kiangazi cha Kolwezi, kabati la madamu mmoja wa Kizungu, mke wa injinia, lililetwa karakanani. Plakaji, ule ubao mwembamba kama ganda la kitunguu unaolipamba kabati, ulikuwa umebanduka pembeni. Aliagizwa aubandike, basi. Lakini juu ya kabati aliona doa jeusi la kuungua, la duara, akalichukia papo hapo. Bila kumwuliza mtu alilikata, akachukua kiraka cha mti uleule kutoka ndani ya kabati, mahali ambapo jicho halifiki, akakibandika kwa gundi ya moto na kukisugua kwa verni ya kung'arisha mbao siku tatu. Hata yeye alipotafuta kiungo hakukiona. Akapiga mluzi, maskini.

Alhamisi madamu akaja kuangalia. Alipapasa juu ya kabati, akapapasa tena, uso ukamwiva.

“Iko wapi alama ya tata yangu?”

Kumbe doa lile liliachwa na kiko cha marehemu baba yake.

“Madamu, mi niliona ni uchafu…”

“Rudisha ile ubao! Siku ya posho, Jumamosi, nakuja. Kama haiko, patron atakufukuza.”

Urudi kutoka wapi? Katika karakana ile kila kipande kilichotolewa kiliishia kuwa kuni chini ya chungu cha gundi, na kile kilikuwa majivu tangu Jumatatu.

Kufukuzwa kazi kulikuwa kufukuzwa nyumba, maana nyumba ilikuwa ya patron, mwenye karakana. Mkewe, Mbelu, alikuwa na mimba ya miezi minane, na treni ya kurudi kwao Kasai haikuwa na huruma na tumbo kama lile. Jioni Tshilombo hakugusa bukari, ugali wake.

“Muambie kweli,” alisema Mbelu. “Naye ni mutu.”

“Ni mutu, lakini nitalala wapi na weye?”

Ijumaa mchana, wenzake walipokwenda kula, alimwomba msimamizi, mzee Stanislas, kiko chake. Mzee alimtazama, akampa.

“Mi sikuone kitu,” alisema, akatoka nje.

Tshilombo hakuwa mvutaji. Alivuta huku akikohoa mpaka tumbaku ikawa kaa jekundu, akakipindua kiko juu ya kiraka na kukigandamiza. Moto ungezidi kidogo, kiraka chote kingekwisha, na kabati lilikuwa halina tena ubao wa kuibiwa. Moshi ulipanda. Aliinua, akapangusa, akapaka mafuta na vumbi ili doa lionekane la zamani. Lilifanana mno na lile la kwanza, na hilo lilimtia hofu zaidi.

Jumamosi madamu alikuja pamoja na patron. Aliweka kidole kimoja juu ya doa. Machozi yakamtoka yule mama, akainama, akasogeza pua juu ya ubao na kufumba macho.

“Hata harufu yake iko! Miaka yote hii! Unaisikia, Monsieur Tshilombo?”

Hakuna mzungu aliyewahi kumwita Monsieur, yaani bwana. Patron alikuwa akitabasamu, na nyumba ilikuwa imepona.

“Ndiyo, Madamu,” alisema Tshilombo, na hajawahi kujichukia kama siku ile.